Umoja wa Makanisa ya Kenya Tangu Zama za Mlolongo

Historia ya Ukristo nchini Kenya huelezwa mara nyingi kama historia ya madhehebu, yaani jinsi Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti, Wakatoliki na wengineo walivyogawana maeneo tangu siku za wamisionari, lakini mpasuko uliowaumiza waumini zaidi baada ya uhuru haukuhusu ubatizo, Meza ya Bwana wala cheo cha askofu. Ulihusu nani aitawale nchi na kwa utaratibu gani, na kwa kuwa waumini wa dhehebu moja mara nyingi walitoka eneo moja na kuzungumza lugha moja, swali hilo la kisiasa lilipenya hadi madhabahuni kwa urahisi kuliko ambavyo viongozi wa dini walipenda kukiri.

Makanisa mengi ya Kiprotestanti yalikuwa na chombo chao cha pamoja tangu mwaka 1943, nacho ni baraza la Kikristo ambalo leo linajulikana kama Baraza la Taifa la Makanisa ya Kenya, au NCCK. Msingi wake ulikuwa uekumene, maana yake juhudi za makanisa yenye mafundisho tofauti kushuhudia na kutenda kazi pamoja bila kila moja kuacha mapokeo yake. Kanisa Katoliki halikuwa mwanachama, kwani lilikuwa na baraza la maaskofu wake, ila pande hizo mbili zilimiliki kwa pamoja jumba moja jijini Nairobi lililoitwa Ufungamano, neno litokanalo na kufungamana, na jina hilo lilikuja kubeba uzito ambao huenda waanzilishi wake hawakuutarajia.

Jaribio kubwa la kwanza baada ya uhuru lilikuja mwaka 1969, pale waziri Tom Mboya, Mjaluo, alipouawa mwezi Julai na viapo vya siri vikaanza kulishwa miongoni mwa Wakikuyu ili madaraka yasitoke mikononi mwao. Wakristo wengi walikataa, na mzee mmoja wa Kanisa la Kipresbiteri alifariki baada ya kupigwa kwa sababu hiyo. Gazeti la Target, lililochapishwa na makanisa pamoja na ndugu yake wa Kiswahili Lengo, lilipinga viapo hivyo waziwazi chini ya uhariri wa Henry Okullu, Mjaluo ambaye baadaye alikuwa askofu wa Kianglikana wa Maseno Kusini.

Mtihani mgumu zaidi ulikuja Agosti 1986, chama tawala cha KANU kilipoamua kuwa wagombea wake wachujwe kwa kura ya mlolongo. Katika utaratibu huo wapiga kura walipanga foleni hadharani nyuma ya mgombea, au nyuma ya wakala aliyeshika picha yake, kisha wakahesabiwa mmoja mmoja mbele ya macho ya wote. Mgombea aliyepita asilimia 70 alihesabiwa kuwa ameshachaguliwa bila kura ya siri kupigwa tena. Mwezi huohuo wachungaji zaidi ya elfu moja waliokutana chini ya NCCK katika Chuo Kikuu cha Kenyatta waliukataa utaratibu huo, na hoja yao ilikuwa ya kichungaji kabla ya kuwa ya kisiasa: mchungaji atakayeonekana amesimama nyuma ya mgombea mmoja atawezaje Jumapili kuwagawia mkate na divai wale waliosimama katika foleni nyingine? Hoja hii haikupewa uzito unaostahili na waandishi wengi, ambao wameusoma mgogoro huo kama ugomvi wa madaraka tu, ilhali wachungaji hao waliona kwamba serikali ilikuwa ikiwataka waumini wao wajitenge wenyewe kwa wenyewe hadharani.

Upinzani huo uliligharimu baraza lenyewe umoja wake. Kanisa la Africa Inland, ambalo Rais Daniel arap Moi alikuwa muumini wake, lilijitoa katika NCCK, na baadaye Kanisa la Africa Gospel nalo likaondoka. Ingekuwa kosa kuyahukumu makanisa hayo kuwa yalijipendekeza kwa mkubwa tu, maana mapokeo yao ya kiinjilisti, yaliyokazia wokovu wa mtu binafsi, yalikuwa yamekwisha kuyafundisha kwa miongo mingi kwamba siasa si kazi ya mimbari na kwamba sura ya 13 ya Waraka kwa Warumi inadai utii kwa wenye mamlaka. Hata hivyo, kimya chao kilikuwa na upande, na upande huo ulifahamika kwa kila mtu.

Jambo lililozidisha ugumu ni kwamba neno lenyewe umoja lilikuwa limeshatwaliwa na dola. Falsafa ya Nyayo, ambayo Moi aliitangaza kuwa dira ya taifa, ilijengwa juu ya maneno matatu, amani, upendo na umoja, kwa hiyo askofu aliyeikosoa serikali alishtakiwa kwamba anavunja umoja, na aliyenyamaza alisifiwa kwamba anaujenga. Viongozi wachache wa makanisa waliikataa fasili hiyo kwa kurudi kwenye Maandiko. Askofu David Gitari wa Mlima Kenya Mashariki alihubiri mwaka 1987 juu ya Danieli aliyeponzwa na sheria iliyotungwa kwa hila, na Aprili 1989 nyumba yake ilivamiwa usiku. Timothy Njoya wa Kanisa la Kipresbiteri aliutumia mwanzo wa mwaka 1990 kuilinganisha Afrika ya chama kimoja na Ulaya ya Mashariki iliyokuwa ikiporomoka. Mwezi Agosti mwaka huo Askofu Alexander Muge wa Eldoret alikufa katika ajali ya barabarani akirejea kutoka Busia, siku chache baada ya waziri mmoja kumtishia kwamba akifika huko hatatoka akiwa hai. Mauti hayo yaliwaleta Waanglikana, Wakatoliki na Wapresbiteri karibu zaidi kuliko kikao chochote kilichowahi kuitishwa.

Kifungu 2A cha katiba, kilichohalalisha chama kimoja, kilifutwa Desemba 1991. NCCK ilijaribu mwaka uliofuata kuwapatanisha viongozi wa upinzani, haikufaulu, na Moi akashinda uchaguzi wa mwaka huo kwa takriban asilimia 36 ya kura. Juhudi zilizozaa matunda zaidi zilianza mwishoni mwa mwaka 1999, wakati makanisa, Waislamu na Wahindu walipoanzisha mchakato wao wa kuandika katiba wakikutana katika jumba la Ufungamano, mchakato uliounganishwa mwaka 2001 na tume ya kurekebisha katiba iliyoongozwa na Yash Pal Ghai.

Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo makanisa yaliyokuwa yamesimama pamoja dhidi ya mtawala mmoja yalishindwa kusimama pamoja kati ya wagombea wawili. Mjadala wa majimbo, yaani ugatuzi wa madaraka kwa mikoa, uliwagawanya hata maaskofu wa Kikatoliki, na matamshi ya Kadinali John Njue ya kuyapinga majimbo yalipingwa hadharani na wenzake kutoka maeneo mengine. Waumini wakawahesabu viongozi wao kwa makabila. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi huo watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto likiwa limejaa wanawake na watoto waliokimbilia humo. Februari mwaka huo NCCK ilikiri waziwazi kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande na ikawaomba Wakenya msamaha. Katika historia yote ya baraza hilo hakuna tamko lenye thamani kuliko hili, kwa kuwa lilitaja kosa kwa jina lake na halikumtupia mwanasiasa yeyote lawama.

Miaka miwili baadaye makanisa makubwa yaliungana kuipinga rasimu ya katiba kwa sababu ya mahakama za Kadhi na kifungu kuhusu utoaji mimba, lakini asilimia 67 ya wapiga kura, wengi wao Wakristo, waliipitisha Agosti 2010. Umoja wa maaskofu ulikuwa haujawa umoja wa waumini. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana aliwakataza wanasiasa kuhutubia ibadani, na Novemba 2024, baada ya maaskofu wa Kikatoliki kuikosoa serikali vikali na Jimbo Kuu la Nairobi kukataa fedha ambazo Rais William Ruto alikuwa ametoa katika kanisa la Soweto, Ole Sapit alisimama hadharani upande wao.