Huria, Bure na Meza ya Fundi wa Ruashi

Kompyuta ya mkononi iliyotumika miaka kumi ikifunguliwa mgongo Ruashi, kinachotangulia kutoka ni vumbi. Ni vumbi jekundu la komini hiyo ya mashariki mwa Lubumbashi, Kongo, nalo limegandamana kwenye feni hadi mapanga yake hayazunguki. Fundi analisugua kwa mswaki uliochakaa, anafuta dawa ya joto iliyokauka juu ya prosesa na kupaka mpya, kisha anarudisha skrubu moja baada ya nyingine. Mashine inapowaka, mteja anauliza: "Fundi, programu ni ya bule?"

Bule ni bure kwa matamshi ya Katanga. Mezani kuna flashi mbili. Moja ina Windows iliyovunjwa kufuli, iliyopita mikono mingi kabla ya kufika hapo. Ya pili ina mfumo wa Linux. Mteja hatalipia leseni ya yoyote kati ya hizo, atalipa kazi ya fundi tu. Kwa hesabu ya mfuko, zote mbili ni bule. Lakini ni moja tu inayostahili kuitwa huria, na neno hilo linahitaji kufahamika Ruashi kama linavyofahamika Dar es Salaam.

Huria limetoka katika Kiarabu, ni ndugu wa huru na uhuru. Watu wengi walilizoea kupitia soko huria, lililotawala mazungumzo ya uchumi tangu miaka ya 1980, na kupitia jina la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992. Mifano hiyo miwili inatosha kuonyesha neno linabeba nini. Hakuna anayeingia soko huria akitarajia kuondoka na nyanya bila kulipa, na wanafunzi wa Chuo Kikuu Huria hulipa ada. Huria haigusi bei. Inasema mlango hauna bawabu, na aliyeingia hahitaji ruhusa ya mtu ili afanye shughuli yake.

Kiingereza kilihangaika sana hapo. Mwanaprogramu Richard Stallman alipotangaza mradi wa programu wa GNU mwaka 1983, alichagua neno "free", ambalo kwa Kiingereza ni uhuru na pia ni bure. Ikambidi aeleze miaka nenda miaka rudi kwamba anazungumzia uhuru, wala hazungumzii bei. Wafanyabiashara waliendelea kusikia bure, wakaogopa. Februari 1998, siku chache baada ya kampuni ya Netscape kutangaza kwamba itaachia hadharani msimbo wa kivinjari chake, Christine Peterson alipendekeza istilahi nyingine katika mkutano wa Palo Alto, Marekani: "open source", yaani chanzo kilicho wazi. Ikapokewa haraka, na tangu hapo kuna kambi mbili zinazofanya kazi ileile kwa majina mawili.

Kifaransa hakikuona tabu hiyo, kwa kuwa "libre" na "gratuit" ni maneno mawili tofauti. Kijana wa Ruashi aliyesoma shule kwa Kifaransa anaijua tofauti hiyo darasani, lakini akirudi kwenye Kiswahili chake cha nyumbani, yote yanakuwa bule. Huria ndilo neno analolikosa.

Chanzo nacho kinahitaji maelezo, na jiko la Lubumbashi linayatoa vizuri kuliko kitabu. Bukari ikishasongwa, hakuna awezaye kuitenganisha irudi kuwa unga na maji. Anayeila anajua tu kwamba ni laini au ngumu, kwamba unga ulikuwa wa mahindi matupu au umechanganywa na muhogo. Programu anayouziwa mtu dukani ni bukari iliyokwisha kusongwa: maelekezo yaliyoandikwa na binadamu yamegeuzwa kuwa tarakimu za mashine, na kuyarudisha yalivyokuwa ni kazi ngumu mno. Chanzo, au msimbo chanzo, ni unga pamoja na maelezo ya mpishi. Programu huria inakuja na unga wake.

Unga peke yake hautoshi, lazima na ruhusa iwepo. Stallman na wenzake walizihesabu ruhusa nne: kuiendesha programu kwa shughuli yoyote, kuichunguza na kuibadili, kugawa nakala zake, na kugawa hata nakala uliyoibadili wewe. Leseni ya GPL, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1989, inaongeza sharti moja zuri: ukiigawa programu uliyoibadili, anayeipokea naye apewe chanzo na ruhusa zilezile. Bei haimo katika orodha hiyo. Fundi wa Ruashi anaweza kuuza flashi yenye Linux kwa faranga atakazo, na bado ni huria.

Ile Windows iliyovunjwa kufuli je? Ni sahani ya bukari iliyochukuliwa jikoni kwa watu. Inashibisha, lakini fundi hawezi kutazama ndani, hawezi kujua aliyevunja kufuli ameongeza nini, wala hana njia ya kurekebisha kinachoharibika ila kuiweka upya. Kuiita huria ni kumdanganya mteja.

Pwani, neno hili lilifanyiwa kazi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, kabla Microsoft haijaleta ya kwake kwa lugha hiyo. Wafasiri hawakuhitaji kumbembeleza mwenye mali, kwa sababu chanzo kilikuwa hadharani na leseni iliwaruhusu. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, ambamo wanafunzi wa vyuo na wakazi wa Dar es Salaam walichora mitaa inayofurika maji na kuiweka katika OpenStreetMap, ramani ambayo yeyote duniani anaweza kuichukua na kuiendeleza. Kwa jina hilo huria ilitoka kwenye programu ikaingia kwenye mifereji na vichochoro vya mtaa wa Tandale.

Jina jingine la Kiswahili lilivuka mpaka hadi Kongo. Programu ya Ushahidi iliandikwa Kenya Januari 2008, ili wananchi waripoti ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, kisha chanzo chake kikaachiwa. Kabla mwaka huo haujaisha, programu hiyo ilikuwa imetumika kukusanya taarifa za vita vya mashariki mwa Kongo. Hivyo ndivyo huria inavyofanya kazi ikiachwa ifanye: kilichotengenezwa kwa shida ya Nairobi kinasafiri bila visa.

Wapo wanaopendelea chanzo wazi, kwa kuwa kinafuata umbo la istilahi ya Palo Alto. Lakini wazi inasema chanzo kinaonekana tu. Dirisha la duka lililofungwa nalo liko wazi kwa macho, na hakuna anayeruhusiwa kugusa mkate. Kwa hiyo tuseme programu huria, chanzo huria, na kwa vifaa, maunzi huria. Hilo la mwisho lina mfano mzuri katika Arduino, kibao kidogo cha umeme kilichozaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005: michoro yake imetolewa hadharani, na karakana yoyote inaruhusiwa kutengeneza chake.

Ruashi ni mahali penye haki ya kuuliza habari za vifaa. Shaba na kobalti huchimbwa humo humo. Mgodi wa Étoile, ambako kampuni ya Union Minière ilianzia uchimbaji wake miaka ya 1910, haupo mbali. Shaba inaondoka, inarudi ikiwa nyuzi nyembamba ndani ya vibao vya kijani. Kobalti inarudi ndani ya betri, na betri yenyewe imegundishwa kwa gundi ili fundi asiitoe. Aliyeishi juu ya madini hayo anaumia zaidi ya mwingine anapokutana na mashine iliyokusudiwa isifunguliwe.

Wakongo wana jina la kale la kupambana na hali hiyo: "Article 15", kifungu cha katiba ambacho hakijaandikwa popote, kinachomwamuru kila mtu ajitafutie njia. Wengine wangekitumia kufasiri ule mtindo wa wapenzi wa kompyuta duniani wa kujiundia vitu vyao, ambao kwa kawaida huitwa jifanyie mwenyewe. Haifai kuharakisha hapo. Article 15 ni ya mtu aliyebanwa, na mbinu anayoigundua anaificha, maana ndiyo mkate wake. Hata wafua shaba wa zamani wa Katanga, waliomimina misalaba maarufu ya shaba, walitunza ujuzi ndani ya udugu wao na kuuzungushia miiko. Hakuna wa kuwalaumu. Lakini fundi akifa na siri yake, anayemfuata anaanza moja.

Wapenda huria hufanya kinyume. Mtu akifaulu kuifufua kadi ya Wi-Fi iliyokataa Linux, huandika hatua alizopitia, neno kwa neno, ili mwingine asipoteze usiku wake. Ndiyo maana hata "mwenyewe" katika jifanyie mwenyewe linapwaya. Mradi mmoja wa Ufaransa uitwao Jerry, wa kuunda kompyuta ndani ya bidoni la lita 20 kwa vipuri vya mashine zilizokufa, ulijitangaza kuwa ni wa kufanya pamoja, na kwa wazo hilo ulifika Afrika Magharibi. Kwa Kiswahili kiambishi kimoja kinatosha: tujifanyie.

Lubumbashi yenyewe ina mtu wa kutazamwa kwa jicho hilo. Jean Katambayi Mukendi, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1974 na kusomea umeme, huunda mashine kwa katoni, nyaya na vipuri vilivyookotwa. Katoni haifichi kitu. Mtazamaji anafuata waya kwa kidole kutoka swichi hadi taa, akaona fikra ya fundi ilipopinda na ilipokwama. Hana programu ya kugawa, na kazi zake huonekana katika majumba ya sanaa; hata hivyo ni vigumu kupata picha bora ya kifaa kinachokubali kusomwa.

Na kwa maneno, mji huu una desturi ya kutosubiri ruhusa. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa ajili ya chama cha watumishi wa nyumbani historia ya Lubumbashi kama wao walivyoiona, kwa Kiswahili cha Katanga kama kinavyosemwa, ikapigwa taipu na kurudufishwa. Jina la historia hiyo kwa Kifaransa lilikuwa "Vocabulaire", yaani msamiati, wa mji wa Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi.

Kiswahili hicho kina makao hata ndani ya kompyuta. Kiswahili cha Kongo kina alama yake ya kimataifa, swc, na katika hazina ya data za lugha ya Unicode, ambayo mifumo mingi huitumia kuandika tarehe, faili lake la awali halikuwa na Jumatatu wala Jumanne. Lilikuwa na siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu, siku ya ine, siku ya tanu, siku ya sita, na Jumapili ikiwa siku ya yenga. Miezi ilianza na mwezi ya kwanja. Hazina hiyo ni huria: fundi wa Ruashi anaweza kulifungua faili, akasoma "ine", akaona kama ndivyo mama yake asemavyo, na kama sivyo, akapendekeza marekebisho.