Ini na ile stima inayorudi kwa kishindo

Mwaka jana anko wangu aliambiwa ana uvimbe kwa ini na upande wote wa kulia lazima utolewe. Sawa. Halafu daktari akasema tungoje kwanza wiki nne. Wasee, grupu ya familia iliwaka. Shangazi aliuliza kama uvimbe nao unapanga foleni, akaongeza kwamba maneno ya daktari yamemkata maini (hata hakuona utani). Mimi, mtu wa kuacha chuo mwaka wa pili, ndiye nikapewa kazi ya kutafuta ukweli.

Kumbe hizo wiki nne zina historia ndefu.

Ini hupitisha karibu lita moja na nusu ya damu kila dakika. Likatwe ovyo, mtu anaisha mezani. Mwaka wa 1908 daktari mmoja wa Glasgow, James Hogarth Pringle, aliandika mbinu yake: shika kwa vidole pale mishipa inayoingiza damu inapopita, bana, kisha ufanye kazi yako. Ni kama kufunga mfereji wa nje kabla ya kurekebisha bomba la jikoni. Kwa sungura ilifaulu. Lakini wagonjwa wanne aliowapasua, watu walioumia vibaya, wote walifariki. Bado akachapisha, na hapo ndipo namheshimu sana. Wengi wetu tungefuta hiyo posti. Leo mbinu hiyo inatumika dunia nzima, na bado inaitwa kwa jina lake.

Shida ni kwamba ukibana, unalinyima ini oksijeni. Seli zinaishiwa nguvu. Na uharibifu mwingine unakuja ukiachilia. Unajua vile stima hupotea mtaani na hakuna kinachoharibika, kisha inarudi kwa kishindo na kuchoma fridge? Ndivyo. Oksijeni ikirudi kwa seli zilizochoka inazaa kemikali kali, askari wa mwili wanakasirika, uvimbe unaanza, mishipa midogo inaziba. Na hicho kipande kilichobaki ndicho kinatakiwa kifanye kazi ya ini zima usiku huo huo: kugandisha damu, kusafisha sumu, kupanga sukari. Kikishindwa, macho yanageuka manjano, akili inachanganyikiwa, na mgonjwa anaweza kufa ilhali upasuaji wenyewe ulienda vizuri.

Kwa hivyo madaktari wakajifunza kupumzisha. Unabana dakika 15, unaachilia 5, unarudia. Mwaka wa 1999 Jacques Belghiti na wenzake huko Ufaransa walilinganisha wagonjwa 86. Waliobanwa kwa vipindi walitoka damu zaidi wakati wa kukata, lakini waliobanwa mfululizo ndio ini lao liliumia zaidi, hasa lile ambalo tayari lilikuwa na kasoro kama mafuta. Yaani unakubali damu kidogo leo ili ini liamke kesho.

Kuna wazo lingine lililotoka kwa mbwa. Mwaka wa 1986 watafiti Marekani waligundua kwamba moyo ukinyimwa damu kwa vipindi vifupi kwanza, unastahimili vizuri zaidi ule unyimaji mrefu. Wa ini wakaiga: bana dakika 10, achilia 10, ndio uanze kazi. Mwanzoni ilionekana dawa kabisa. Majaribio ya baadaye hayakukubaliana, na mimi naona vidole vya kupumzika bado vinashinda.

Sasa zile wiki nne. Kila mtu hukuambia stori ya Prometheus, mimi nakupa panya: mwaka wa 1931 Higgins na Anderson waliwatoa panya theluthi mbili za ini, na sehemu iliyobaki ikakua kuziba pengo. Miaka ya 1980 madaktari wa Japani, Masatoshi Makuuchi akiwemo, wakaona hakuna haja ya kungoja kisu. Ziba mshipa unaolisha upande wenye uvimbe, damu ihamie upande mzima, nao ukue kabla ya upasuaji. Ini zuri linahitaji kubaki angalau robo hivi. Lenye makovu, karibu asilimia 40.

Upande wa kushoto wa anko haukuwa umefika robo. Baada ya wiki nne picha ilionyesha umefika, wakamkata. Macho yalikuwa manjano siku tatu, kisha yakarudi.

Siku hizi shangazi ndiye anaelezea wageni, na anaanza na fridge.