Uvungu, Namba na Karatasi: Historia ya Kulipima Gari la Kutembelea Kibaha na Kisarawe

Katika Kiswahili cha Tanzania, gari dogo lenye milango minne, viti vya watu watano na buti lililotengwa na sehemu ya abiria huitwa gari la kutembelea, na jina hilo lina hukumu ndani yake, kwa kuwa linalitenga gari hilo na magari ya kazi, yaani lori, pikapu na Land Rover, ambayo thamani yake hutokana na mzigo yanaoubeba. Gari la kutembelea halizalishi kitu. Hubeba familia, wagonjwa, maharusi na wageni, na kwa sababu hiyo mnunuzi wake hana hesabu ya faida inayoweza kufidia kosa alilolifanya siku ya kununua. Historia ya kulipima gari hili katika nchi ya Wazaramo, kuanzia Kibaha hadi Kisarawe na kata zake za ndani kama Kurui, ni historia ya swali moja ambalo kila kizazi kimelijibu kivyake: gari likigeuka kuwa bovu, hasara inamwangukia nani?

Nchi yenyewe ina sura mbili. Upande wa kaskazini iko Barabara ya Morogoro, sehemu ya njia kuu ya kwenda Zambia iliyokamilishwa kwa lami mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambayo hupita Kibaha, Visiga na Mlandizi na kumfikisha mwenye gari dogo Dar es Salaam bila kuuwazia uvungu, yaani nafasi iliyopo kati ya ardhi na sehemu ya chini kabisa ya gari. Upande wa kusini, Wilaya ya Kisarawe hupanda vilima vya Pugu, vyenye udongo mweupe wa kaolini, kisha huteremkia Maneromango, Mzenga na Kurui kwa barabara ambazo kwa sehemu kubwa ya historia yake zimekuwa za udongo, zenye mchanga unaomeza tairi wakati wa kiangazi na utelezi unaolaza magari njiani wakati wa masika. Gari lile lile, likiwa na bei ile ile na umri ule ule, huwa zuri upande mmoja na baya upande wa pili, na ukweli huo ndio uliowafundisha watu wa Kisarawe kuanza kulitazama gari kutoka chini kwenda juu.

Katika miaka ya 1960 kipimo cha gari kilikuwa hadharani. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, yalikuwa mtihani ambao mtu yeyote angeweza kuufuatilia redioni au kandokando ya barabara, na yaliyofanya mtihani huo yalikuwa kwa kiasi kikubwa magari ya familia yaliyofanana na yale yaliyouzwa madukani. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968 ni magari 7 tu yaliyomaliza mbio, na mara zote mbili lililoongoza lilikuwa Peugeot 404. Mwaka 1966 na 1967 gari la aina hiyo hiyo lilishinda likiendeshwa na Bert Shankland, dereva aliyekuwa mkazi wa Tanzania. Si ajabu kwamba Pijo, kama lilivyoitwa, likapata sifa ya gari lisiloogopa barabara mbaya, kwa kuwa springi zake ndefu na laini ziliyameza mashimo ambayo magari mengine yaliyagonga. Kwa mnunuzi wa wakati huo, tathmini ilikuwa imekwisha kufanywa na matope ya Afrika Mashariki, mbele ya mashahidi.

Hali ilibadilika pale uagizaji wa magari ulipowekwa mikononi mwa umma kupitia Shirika la Magari, lililoanzishwa katikati ya miaka ya 1970. Fedha za kigeni zilikuwa chache, kibali ndicho kilichoamua nani apate gari, na baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, pamoja na kupanda kwa bei ya mafuta duniani, magari binafsi yalizuiwa hata kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Katika mazingira hayo hapakuwa na nafasi ya kuchagua, na pasipo na uchaguzi tathmini hugeuka kuwa kazi nyingine: mtu hakupima kama gari linafaa kununuliwa, bali alipima ni muda gani zaidi linaweza kuwekwa hai. Fundi wa enzi hiyo alijua kuchonga bushi kutoka kwenye tairi kuukuu na kuhamisha kifaa cha gari moja kwenda jingine, na ujuzi huo wa kulijua gari kwa ndani, uliozaliwa na uhaba, ndio urithi mkubwa kuliko wote ambao kipindi hicho kiliwaachia waliofuata.

Inafaa kukumbuka hapa kwamba Kibaha yenyewe ilikuwa kitovu cha magari, lakini si ya kutembelea. Kiwanda cha TAMCO kiliunganisha malori ya Scania, na kituo cha Nyumbu, kilicho chini ya jeshi, kilianzishwa katika miaka ya 1980 ili kubuni na kuunda gari la Kitanzania, nacho kikaelekeza nguvu zake kwenye magari ya kubeba. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kwa nchi iliyohitaji kuhamisha mazao na askari, ila matokeo yake ni kwamba gari la familia liliendelea kuwa kitu cha kutoka nje, kilichotengenezwa kwa ajili ya barabara za watu wengine.

Mlango ulifunguliwa kwa bajeti ya mwaka 1984, wakati Cleopa Msuya akiwa Waziri wa Fedha, iliporuhusiwa kwa mtu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana fedha hizo zimetoka wapi, na ukafunguka zaidi chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi kuanzia mwaka 1985. Kilichopita mlangoni hapo, polepole mwanzoni kisha kwa mafuriko, ni gari lililotumika Japani. Sababu zake ziko wazi: Japani huendesha kushoto kama Tanzania, na sheria yake ya ukaguzi wa lazima wa magari, iliyotungwa mwaka 1951, humtaka mwenye gari alipeleke kukaguliwa miaka 3 baada ya kulinunua jipya na kila baada ya miaka 2 kuanzia hapo, kwa gharama kubwa inayowafanya wengi waliuze likiwa bado na nguvu. Kwa hiyo mtumba huo haukuwa takataka, ingawa wapo waliouita hivyo. Ulikuwa gari zima lililoachwa kwa sababu ya hesabu za nchi nyingine.

Gari lililotawala kundi la ukubwa wa kati lilikuwa Toyota Mark II pamoja na ndugu zake wawili, Chaser na Cresta, na hapa ndipo lugha ya kupima magari ilipopata msamiati mpya. Watu ambao hawakuwahi kuishika kalamu ya uhandisi walijifunza kuzisoma herufi za chasisi: katika GX100, gari lililotoka kiwandani kuanzia mwaka 1996, herufi G inaitaja injini ya familia ya 1G yenye silinda 6 na ujazo wa karibu 2,000 cc, X inaitaja familia ya bodi, na 100 ni toleo, lililotanguliwa na 81 na 90 na kufuatwa na 110. Mtu aliyesema amenunua GX100 alikuwa ametoa maelezo kamili kwa fundi, kwa muuza spea na kwa jirani yake. Ujazo huo wa injini nao ulikuja kuwa na maana kwenye kodi, kwa kuwa katika viwango vya ushuru wa bidhaa vya miaka ya karibuni injini inayozidi 1,000 cc lakini isiyozidi 2,000 cc hutozwa asilimia 5, na inayozidi hapo asilimia 10, mbali na ushuru wa forodha wa asilimia 25, kodi ya ongezeko la thamani, na ile tozo ya ziada ambayo watu huiita uchakavu, inayoligusa gari lililofikisha miaka 8 na kuzidi kadiri umri unavyosogea.

Si kila kilichotoka Japani kilipokewa kwa mikono miwili. Injini za D4, ambazo hurusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa badala ya kuichanganya na hewa kwanza, zilikuja kuogopwa na mafundi, kwa sababu pampu na nozeli zake hazivumilii mafuta machafu, na miaka ambayo magari hayo yalienea ndiyo miaka ambayo neno uchakachuaji lilikuwa midomoni mwa watu wote, mafuta ya taa yakichanganywa na petroli na dizeli kwa sababu ya tofauti ya kodi. EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kuyatambulisha, katika mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa ili kuua faida ya mchanganyiko huo, lakini jina la D4 lilikuwa limekwisha kuchafuka. Mpaka leo muuzaji wa Toyota Premio huulizwa kuhusu injini kabla ya kuulizwa kuhusu rangi. Kosa lilikuwa la mafuta, na adhabu ikaliangukia gari.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulianza kutumika mfumo wa namba za usajili wenye herufi T, tarakimu 3 na herufi nyingine 3, na bila mtu yeyote kukusudia, mfumo huo ukawa kipimo maarufu kuliko vyote. Herufi ya kwanza kati ya zile 3 za mwisho husogea kadiri magari yanavyosajiliwa, hivyo watu wakaanza kusema gari namba A, namba B, namba C na namba D, na bei ikafuata herufi. Hiki ni kipimo dhaifu, na inapasa kusemwa bila kuficha, kwa kuwa herufi hueleza ni lini gari lilisajiliwa Tanzania tu, wala haielezi ni lini liliundwa. Gari la mwaka 1998 lililoingia nchini mwaka 2015 hubeba namba D na kulizidi bei gari la mwaka huo huo lililoingia mapema na kutunzwa vizuri. Hata hivyo herufi ilishinda kwa sababu moja ya haki: inasomeka kwa jicho, mbele ya kila mtu, na dalali hawezi kuigeuza.

Kilomita, kinyume chake, zinageuzwa. Karatasi ya mnada ya Kijapani, ambamo mkaguzi wa mnada huandika daraja la gari kwa namba, huliwekea herufi R gari lililogongwa na kutengenezwa, na huchora mikwaruzo kwenye picha ya bodi, ingekuwa mlinzi mzuri wa mnunuzi kama ingesafiri na gari mpaka mwisho. Lakini mara nyingi mnunuzi wa pili na wa tatu hawajawahi kuiona. Serikali ilijaribu kuziba pengo hilo kwa ukaguzi wa Shirika la Viwango, TBS, uliofanywa na mawakala katika nchi ya kutoka na mwaka 2021 ukahamishiwa nchini, na Mamlaka ya Mapato nayo ikaweka kikokotoo kwenye mtandao ambacho, kwa kupewa aina, mwaka na ujazo wa injini, hutoa thamani ya forodha na jumla ya kodi. Kwa mara ya kwanza mtu wa Mlandizi mwenye simu aliweza kuona tathmini ya serikali kabla ya kumwona muuzaji. Ni hatua kubwa, ila inaishia bandarini. Gari la mkononi, yaani lile ambalo limekwisha kutumika hapa nchini, halina karatasi inayosimulia masika liliyoyapita.

Simulizi hiyo husomwa na fundi, na namna anavyoisoma inastahili kutazamwa kwa karibu. Hulitaka gari asubuhi, kabla halijawashwa, kwa sababu injini baridi haina uwezo wa kuficha; hufungua kifuniko cha rejeta kutafuta utando wa oili juu ya maji, dalili kwamba gasketi imeungua na gari limekuwa likichemsha; huchomoa kijiti cha oili na kuipikicha oili kati ya vidole; kisha huomba gari liwashwe huku yeye amesimama nyuma akisubiri moshi wa bluu. Hupitisha sumaku kwenye milango, kwa kuwa mahali palipojazwa pati sumaku haishiki. Hutazama lebo ya mkanda wa kiti na maandishi ya pembeni mwa kioo, maana kioo kimoja chenye alama tofauti na vingine kina habari ya kusimulia. Mwisho hutandika gunia na kulala chini ya gari na tochi, na hapo ndipo hukaa muda mrefu kuliko kwingine kote, akishika boljointi moja moja, akitazama bushi zilizopasuka na mikwaruzo ya sampu ya oili. Chini palipopuliziwa oili chafu ili paonekane pamefunikwa vizuri humtia shaka zaidi kuliko palipo na kutu.

Miguu, kama mafundi wanavyouita mfumo mzima wa springi, shokapu na viungo vyake, ndiyo inayozigawa tena zile sura mbili za nchi. Uvungu wa Mark II ni takribani sentimita 15, kiasi kinachotosha kwenye lami ya Kibaha na kisichotosha kwenye korongo la katikati ya barabara ya udongo, na kwa hiyo wenye magari wa ndani huweka spesa, yaani vipande vigumu vinavyokaa juu ya springi na kulinyanyua gari kwa sentimita chache. Fundi wa mjini akizikuta spesa hizo hushusha bei, kwa hoja ya haki kabisa kwamba gari hilo limepigwa na barabara mbaya na pembe za viungo vyake zimebadilika. Kwa mnunuzi anayeelekea Maneromango au Kurui, spesa hizo hizo ni kazi ambayo tayari imefanywa na kulipiwa, na huziongeza kwenye thamani.

Mark II ilikoma kuundwa mwaka 2004, na Mark X iliyorithi nafasi yake ilikoma mwaka 2019, hivyo kundi hili la magari halizai tena, na GX100 zilizobaki zinahama mkono kwa mkono kutoka kwenye lami kuelekea ndani. Barabara ya Makofia, Mlandizi na Maneromango nayo imekuwa kwa miaka mingi katika mipango ya kuwekwa lami. Siku lami hiyo itakapofika, fundi wa Mzenga atalala chini ya gari lile lile, atazikuta spesa zile zile, na itambidi aanze kuzipunguzia bei.