Mtani, Ndugu na Kamati ya Nidhamu

Mwaka 1937 T. V. Scrivenor alichapisha katika jarida la Tanganyika Notes and Records maelezo mafupi juu ya utani wa koo katika wilaya ya Masasi. Kwa mgeni mambo hayo yanastaajabisha: watu wa koo mbili wanatukanana hadharani, hata kuchukuliana vitu, na hakuna anayekwenda kushtaki. Lakini mtani huyo huyo ndiye anayeshika kazi za mazishi msibani, na ndiye mwenye ruhusa ya kumwambia mzee wa ukoo kosa lake usoni. Anayemkasirikia mtani wake huchekwa.

Siku hizi tungeuita utatuzi usio rasmi, ingawa jina hilo halitoshi. Utani ulikuwa na masharti yake: nani amwambie nani, na wapi. Kilichokosekana ni faili tu.

Katika miaka ya 1970 Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alihariri juzuu kadhaa za makala juu ya utani nchini. Chuo hicho kilikuwa kimeonja njia nyingine. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, wakasoma madai yao mbele ya Rais Nyerere. Mwalimu alikasirika, na karibu wanafunzi 400 wakarudishwa makwao. Wengi walirejea masomoni mwaka uliofuata. Haki ilikuwa upande gani, wanahistoria wanaendelea kubishana. Mimi naona hili: neno likishasomwa mbele ya umati, kila upande unaona aibu kurudi nyuma.

Ndiyo maana Injili ya Mathayo, sura ya 18, inaanza mahali pasipo na umati. Aliyekosewa amwendee mwenzake wakiwa wawili tu. Akikataa kusikia, achukue mtu mmoja au wawili. Kanisa zima linaambiwa baadaye. Sisi wasomi tuna tabia ya kuanzia mwisho, kwa barua yenye nakala kwa wakubwa watano.

Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris Mtwara, kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kilianza mwaka 2009. Katika chuo cha namna hii Mmakonde hukaa chumba kimoja na Msukuma au Mhaya, Mkristo na Mwislamu, na ugomvi wao ni ule wa vyuo vyote: bumu lililokopwa halijarudi, jina la mvivu limeingizwa kwenye kazi ya kikundi, muziki unapigwa usiku wa kuamkia mtihani. Kulipeleka jambo la hivyo kwenye kamati ya nidhamu ni kumtia mtu doa kwa deni la wiki mbili. Hatua ya pili ya Mathayo ina watu wake tayari: kiongozi wa darasa, padre mlezi, wanajumuiya. Maaskofu wa AMECEA walipozipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele mwaka 1976, walitaka Kanisa la watu wanaofahamiana kwa majina, na anayekufahamu kwa jina ndiye anayeweza kukuambia umekosa. Na tukumbuke kwamba pwani hii Waislamu ni wengi. Mtani haulizwi dini yake.

Lakini utani ulifanya kazi kwa sababu aliyetukanwa alikuwa na haki ya kurudisha. Mhadhiri anayemdai mwanafunzi mwili wake ili ampe alama hayuko katika hali hiyo. Binti hana cha kumrudishia. Kuwaita wawili hao wakae chini wayamalize kimya kimya, hata kwa sala, ni kumwacha binti peke yake mara ya pili. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Padre mlezi anayeletewa habari hiyo kazi yake ni kumsindikiza binti hadi TAKUKURU, kama yeye mwenyewe anataka kwenda, na kukaa naye kwenye benchi mpaka aitwe.