Shali Ambayo Sikustahili

Niliinunua Delhi, Desemba, baridi ikinipiga hadi kwenye mifupa. Ilikuwa imetundikwa katikati ya mitandio ya Kashmir na fulana za watalii: shali nyeusi yenye michirizi myekundu, na katikati utepe mweupe uliochorwa ndovu, simbamarara, jogoo na vitu vya duara ambavyo nilidhani ni jua. Muuzaji alishusha bei hadi nusu kabla hata sijaanza kubishana. Nikajifunga, nikajiona nimewaka.

Wiki iliyofuata rafiki yangu wa hosteli alinialika kwenye Krismasi ya wanafunzi kutoka Nagaland, jimbo la milima lililo kaskazini-mashariki mwa India, mpakani na Myanmar. Kwao ni Mokokchung, na yeye ni Mwao. Si unajua mtu akivaa vizuri anavyoingia mlangoni? Ndivyo nilivyoingia. Mzee mmoja akaniita, akashika ncha ya shali yangu na kuuliza kwa upole, "Binti, umekata vichwa vingapi?"

Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka, kile kicheko cha mtu ambaye hajaelewa mzaha. Rafiki yangu hakucheka. Kumbe vile viduara havikuwa jua. Vilikuwa vichwa vya watu.

Shali hiyo inaitwa tsungkotepsu. Zamani haikuvaliwa na mwanamke hata kidogo, na hata mwanamume hakujivalia tu. Aliistahili yule aliyerudi vitani na kichwa cha adui, au aliyechinja mithun, fahali mkubwa wa milimani anayefugwa huku akizurura msituni, akalisha kijiji kizima. Wanaga si kabila moja bali ni watu wengi: Waao, Waangami, Walotha, Wakonyak na wengineo, kila mmoja na lugha yake ambayo jirani haielewi. Mahali kama hapo nguo ilifanya kazi ya kitambulisho. Ukimwona mtu anapanda mlima, ungejua anatoka kwa nani na amefanya nini maishani, kabla hajafungua mdomo.

Karamu ya mithun ndiyo iliyonishika zaidi kuliko habari za vichwa. Tajiri hakuruhusiwa kukaa na utajiri wake na kuringa. Alitoa mchele, nyama na pombe ya mchele, karamu moja baada ya nyingine, hadi ghala lake lipungue. Hakuweza kuifanya bila mke, kwa hiyo kapera, hata awe na ng'ombe kiasi gani, alibaki na nguo ya kawaida. Malipo ya gharama zote hizo yalikuwa haki ya kuvaa kitambaa fulani. Sisi tungemwita mjinga.

Na kitambaa chenyewe kilitoka mikononi mwa wanawake. Mfumaji hukaa chini, miguu ameikaza kwenye mwanzi. Nyuzi za mtande zimefungwa ukutani upande mmoja, na upande wa pili zimeshikwa na mkanda unaozunguka kiuno chake. Akiegemea nyuma, nyuzi zinakaza. Akijisogeza mbele, zinalegea. Mwili wake ni sehemu ya mtambo. Kwa sababu hiyo kitambaa hakiwezi kuwa kipana kuliko mikono yake inavyofika, kwa hiyo shali moja hufumwa vipande vitatu, kisha vinashonwa pamoja. Pamba ilipandwa shambani, rangi ya buluu iliyokolea ikatoka kwenye majani, nyekundu kwenye mizizi.

Kile kipande cheupe cha katikati kilipelekwa kwa wazee wa kiume. Walikichora kwa kijiti cha mwanzi, kwa wino wa utomvu wa mti uliochanganywa na pombe ya mchele na jivu la majani. Yaani mwanamke alifuma kitu chote, halafu sehemu inayosimulia ikaandikwa na wanaume. Hilo nimelifikiria sana, na bado linaniudhi.

Mwaka 1872 Edward Winter Clark, mmisionari Mbaptisti kutoka Marekani, alifika vijiji vya Waao. Waingereza wakafuata na bunduki na kupiga marufuku ukataji wa vichwa. Hapo sina ugomvi nao. Lakini kanisa lilikataa pia pombe ya mchele na karamu za mithun, na karamu zilipokufa, nguo zilizotokana nazo zikabaki bila sababu ya kuvaliwa. J. P. Mills, ofisa wa kikoloni aliyechapisha kitabu juu ya Waao mwaka 1926, alilalamikia jambo hilo, ingawa serikali yake ndiyo iliyofungua njia. Nilipomsoma nilimkumbuka cucu wangu, aliyevua hang'i masikioni siku aliyobatizwa. Hakuwahi kutuambia alizipeleka wapi.

Tsungkotepsu haikufa. Leo ni alama ya Wanaga kwa jumla. Inavaliwa harusini, wanasiasa wanavishwa jukwaani, wageni wanazawadiwa. Mwaka 2017 shali za Wachakhesang, majirani wa Waangami, zilipata ulinzi wa kisheria nchini India, ili jina lao lisitumiwe na kila mtu. Ni hatua nzuri, lakini sheria inalinda jina. Haiwezi kumzuia mtu kama mimi sokoni.

Mama yake rafiki yangu bado anafuma, akitoka shambani. Siku hizi anatumia uzi wa dukani. Siku moja walipokuwa wakiongea kwa simu ya video niliomba nimwonyeshe shali yangu, nikiwa tayari kuomba msamaha kwa ajili ya vichwa na kwa kuvaa nguo ya wanaume. Hakujali hayo.

"Ulilipa ngapi, mwanangu?" aliuliza.

Nilipomtajia, alinyamaza. Kisha akasema kwa bei hiyo yeye hawezi kununua hata uzi. Akaniambia niigeuze, nitafute mahali vipande vitatu viliposhonwa.

Niliigeuza, nikaisogeza kwenye taa, nikapitisha kidole kutoka ukingo hadi ukingo. Ilikuwa kipande kimoja. Hata ndovu walikuwa wamepigwa chapa.