Take, Kitenzi Kilichohamia Uingereza

Mwingereza wa mwaka 900 alipotaka kusema kwamba amechukua kitu, alitumia niman, neno ambalo ni ndugu wa nehmen ya Wajerumani na nemen ya Waholanzi. Take hakuwa nalo. Lilikuwa la majirani zake wapya, ambao baba zao waliingia nchini kwa upanga.

Hao walikuwa Waviking, kutoka Skandinavia: walivamia nyumba ya watawa ya Lindisfarne mwaka 793, wakauteka mji wa York mwaka 866, na hata mfalme Alfred alipowashinda pale Edington mwaka 878, eneo kubwa la mashariki na kaskazini lilibaki mikononi mwao. Wengi huishia hapo: mshindi amelazimisha neno lake. Mimi sishawishiki. Wanormani kutoka Ufaransa waliivamia Uingereza mwaka 1066 na hatimaye wakaitawala yote, na Kifaransa kikatawala mahakamani na kwenye meza za mabwana, lakini neno la msingi kama they halikutoka kwao. Hilo nalo ni la Waviking, pamoja na die, egg, law na window. Maneno ya namna hiyo huletwa na ujirani. Wavamizi waligeuka wakulima, wakaoa, wakauziana mifugo na Waingereza, na kwa kuwa lugha zao zilikuwa za ukoo mmoja, kusikilizana hakukuwa shida kubwa.

Kwa Waviking neno lilikuwa taka (halina undugu na taka yetu), na wakati uliopita wake ni tók. Vitenzi vya kuazima aghalabu hufuata kanuni za mwenyeji, lakini hiki kiliingia na mnyambuliko wake, ndiyo maana wanafunzi wetu hukariri take, took, taken. Katika maandishi kilichelewa kuonekana, hadi karne ya 11, kwa sababu waandishi wengi walifuata Kiingereza cha kusini, mbali na Waviking.

Maana yake ya awali inaelekea ilikuwa kugusa, kama tekan ya Kigothi, lugha ya kale ya ukoo huohuo. Kutoka kugusa ikawa kushika, kisha kuchukua, na leo Mwingereza hutumia take kwa kumeza dawa, kupiga picha, kupanda basi, na hata kueleza kwamba safari huchukua saa mbili.

Niman halikufa mara moja. Mfano wa kwetu ni twaa: lilisukumwa pembeni na chukua, likajificha kwenye kurasa za michezo, ambako timu hutwaa kombe. Niman lenyewe lilikimbilia kwa wezi: nim ikawa lugha ya mtaani ya kuiba, na Shakespeare akampa mwizi wake jina la Nym, anayeishia kitanzini katika Henry V. Mabaki mengine ni nimble, mwepesi wa kudaka mambo, na numb, yaani kiungo kilichofa ganzi, ambacho hisia zake zimechukuliwa.