Jinsi ya kupima ubora wa saa za zamani kwenye minada ya intaneti

Na MWANDISHI WETU

WAHENGA walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika minada ya intaneti, hata hivyo, kizuri na kibaya hutembezwa pamoja kwa picha za kuvutia na maneno matamu, naye mnunuzi hana nafasi ya kukishika kitu mkononi wala kukitegea sikio kabla ya kutoa pesa zake.

Hali hiyo ndiyo inayowakabili wanaotafuta saa za mkononi zilizoundwa miaka thelathini au zaidi iliyopita. Tangu tovuti ya eBay ianzishwe nchini Marekani mwaka wa 1995, biashara hii imetoka katika maduka ya vito na kumfikia yeyote aliye na intaneti. Mkazi wa Nakuru au Mombasa anaweza kushindania saa iliyoko Japan dhidi ya mtu aliye Ujerumani. Akikosea, atalipa bei ya saa, nauli ya kuisafirisha na ushuru wa forodha, kisha aambiwe na fundi kuwa alichonunua hakifai ila kuvunjwa vipuri.

Hata wataalamu hupotoshwa. Mnamo Novemba 2021 saa aina ya Omega Speedmaster ya miaka ya hamsini, ambayo uso wake mweusi ulikuwa umegeuka kahawia kwa umri, iliuzwa mnadani jijini Geneva kwa zaidi ya faranga milioni 3.1 za Uswisi. Mwaka wa 2023 kampuni ya Omega yenyewe ilitangaza kwamba saa hiyo ilikuwa imeunganishwa kwa vipuri vya saa mbalimbali. Ikiwa mnada mashuhuri wenye wakaguzi uliweza kuuza saa ya aina hiyo, mnunuzi wa kawaida anayetegemea picha tatu hana budi kuwa makini.

Uso wa saa

Sehemu kubwa ya thamani ya saa ya zamani imo katika uso wake. Wanaokusanya saa huthamini zaidi uso wa asili wenye madoa machache kuliko uliopakwa rangi upya, hata kama huo wa pili unang'aa.

Picha ya uso ikuzwe na herufi zichunguzwe moja baada ya nyingine. Maandishi ya kiwandani huwa membamba, yamenyooka na yana nafasi sawa. Yaliyopakwa upya aghalabu huwa manene, huyumba, au hukatwa ukingoni chini ya nambari sita, mahali palipoandikwa nchi ya utengenezaji. Vistari vya dakika visipolingana na alama za saa, mkono wa pili umepita hapo.

Tahadhari hii inahusu hasa saa za bei nafuu zinazouzwa kutoka India, zikiwemo Seiko 5 na HMT zenye nyuso za rangi kali ambazo kiwanda hakikuwahi kuzitoa. HMT ilikuwa kampuni ya serikali ya India iliyoanza kuunda saa mwaka wa 1961 kwa ushirikiano na Citizen ya Japan, na serikali iliidhinisha kufungwa kwa kampuni yake ya saa mwaka wa 2016. Kwa hivyo, HMT inayonadiwa kama mpya kabisa inafaa kuulizwa maswali mengi. Huenda ni masalio halisi ya dukani, na huenda ni vipuri vilivyokusanywa.

Rangi ing'aayo gizani

Alama zinazong'aa gizani hueleza mengi kuhusu umri wa saa. Hadi miaka ya sitini watengenezaji wengi walitumia madini ya radiamu. Baadaye walihamia tritiamu, ambayo mara nyingi hutambulishwa kwa herufi T iliyochapishwa chini ya uso, kila upande wa jina la Uswisi.

Nguvu ya tritiamu hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 hivi. Saa ya mwaka wa 1970 yenye tritiamu haiwezi leo kuwaka kama taa. Ikiwaka hivyo, imepakwa rangi mpya. Aidha, rangi iliyo kwenye akrabu, yaani mishale ya saa, inapaswa kufanana na ile iliyo usoni. Zikitofautiana, kuna uwezekano mkubwa kwamba akrabu zilibadilishwa.

Radiamu ina hatari yake. Saa iliyopakwa madini hayo huacha kung'aa kwa sababu kemikali iliyochanganywa nayo imechakaa, lakini miale yake haijakwisha, kwani radiamu huchukua takriban miaka 1,600 kupungua kwa nusu. Vumbi lake ni sumu likivutwa au kumezwa. Mnunuzi asifungue saa ya namna hiyo mwenyewe wala kuikwaruza uso.

Kasha

Kasha lililosuguliwa mara nyingi hupoteza umbo lake. Kingo zilizokuwa kali huwa mviringo, na pembe nne zinazoshika mkanda huwa nyembamba au kutolingana. Maandishi ya kifuniko cha nyuma nayo hufifia. Mikwaruzo midogo isiyofichwa ni afadhali kuliko mng'aro ulioila saa.

Saa iliyopakwa dhahabu ichunguzwe kwenye ncha za pembe na karibu na kifundo cha kutilia ufunguo, ambako jasho na nguo huanza kula dhahabu na kuacha chuma kilicho chini kuonekana. Vilevile, maandishi kwamba kifuniko cha nyuma ni cha chuma kisichoshika kutu yanahusu kifuniko hicho tu. Kasha lililosalia linaweza kuwa la madini hafifu.

Kioo kisimtishe mnunuzi. Saa nyingi za zamani zilitiwa kioo cha plastiki, ambacho mikwaruzo yake huondolewa kwa kusuguliwa au hubadilishwa kwa gharama ndogo. Kinachofaa kuogopwa ni madoa ya unyevu chini ya kioo, dalili kwamba maji yaliwahi kuingia.

Mtambo

Saa isiyo na picha ya mtambo wake ni sawa na gari linalouzwa bila kufunguliwa boneti. Muuzaji aombwe kufungua kifuniko na kupiga picha. Kutu, skrubu zilizochunika vichwa na vipande vyenye rangi tofauti ni ishara za maji au ufundi mbovu.

Maneno ya muuzaji yapimwe kwa uangalifu. "Inafanya kazi" huweza kumaanisha kwamba ilitikiswa ikatembea kwa dakika mbili. Swali la maana ni hili: ikitiwa ufunguo hadi mwisho hutembea kwa saa ngapi, na hupoteza au kuzidisha sekunde ngapi kwa siku?

Baadhi ya wauzaji huonyesha picha ya mashine inayosikiliza mapigo ya saa. Mtambo wenye afya, ukitiwa ufunguo kamili na saa ikilazwa, huonyesha mzunguko wa gurudumu lake la mizani wa takriban nyuzi 270 hadi 310. Ukishuka chini ya 200, yamkini mafuta yamekauka na saa inahitaji kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa mafuta upya.

Saa za betri zina mitego yake. Tangu Seiko ilipozindua Astron, saa ya kwanza ya mkononi ya kwatzi kuuzwa madukani, mnamo Desemba 25, 1969, mamilioni ya saa za aina hiyo yameundwa, na sakiti za nyingi kati ya zile za mwanzo hazitengenezwi tena. Muuzaji akisema saa yake "inahitaji betri tu", mnunuzi ajiulize ni kwa nini hakununua betri hiyo ya bei ndogo ili aiuze saa ikitembea.

Nambari za nyuma

Seiko nyingi za miaka ya sitini hadi tisini huwa na nambari mbili kwenye kifuniko cha nyuma. Katika ile yenye kistari katikati, tarakimu nne za kwanza hutaja mtambo na zinazofuata hutaja kasha. Nambari ya pili hueleza tarehe: tarakimu ya kwanza ni mwaka na ya pili ni mwezi. Inayoanza na 74 iliundwa Aprili ya 1967, 1977 au 1987, na aina ya mtambo ndiyo itakayobainisha ni mwongo upi. Oktoba huandikwa kwa sifuri au O, Novemba kwa N na Desemba kwa D.

Nambari ya mtambo iliyochapishwa chini kabisa ya uso inapaswa kuafikiana na ile ya kifuniko. Zisipoafikiana, saa hiyo ni mchanganyiko.

Kabla ya kutaja bei

Mnunuzi asome maoni ya wateja wa awali na masharti ya kurejesha bidhaa. Picha zote ziwe za saa yenyewe. Anayetaka kulipwa nje ya mfumo wa mnada aepukwe, kwa maana malipo hayo huondoa kinga ya mnunuzi.

Ni vyema kumuuliza fundi mapema iwapo vipuri vya mtambo huo vinapatikana, kisha kujumlisha bei, usafiri, ushuru na ada ya fundi. Jumla hiyo ndiyo bei halisi, na kiwango cha juu kiamuliwe kabla ya ushindani wa dakika za mwisho kupandisha joto. Saa ikiwasili, isitumbukizwe majini hata ikiwa imeandikwa kwamba haiingii maji. Mipira inayozuia maji hukauka na kupasuka kwa miaka.

Wengi huitafuta saa kama ile aliyovaa baba au babu. Mtu wa namna hiyo huhudumiwa vyema na saa iliyochakaa kwa uaminifu, yenye kovu zake zote wazi, kuliko mpya ya kubuni ambayo hakuna mzazi yeyote aliyewahi kuivaa.